Mastura na Pikapu ya Rangi ya Tende

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mtu akinishika kwa neno la mara moja akalivuta mpaka adhuhuri, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Sasa fikiria Mungu akanipa wifi kama Mastura, mke wa kaka yangu Dadi. Akichambua mchele wa mchana, tunakula jioni. Akifunga mlango, anarudi kuushika. Akinunua kitenge, anakitoa nje akitazame juani, anakirudisha ndani akitazame kivulini, muuzaji ameshanuna na mimi nimeshanuna kumzidi. Nimemtania kwa hilo tangu alipoletwa kwetu kutoka kwao Rutamba, naye hucheka tu. "Wifi Naima, wewe tangulia, nitakukuta."

Tunafanya kazi Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa inapoachana na ile ya Lindi. Mimi nauza chapati na supu, yeye anaosha magari mbele ya jiko langu. Alianza na pikipiki za bodaboda zilizotapakaa matope, na wanaume waliomtangulia pale walimwachia pembeni ambako maji hayafiki vizuri. Hakulalamika. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa kikimwanguka chini hakikurudi tena kwenye gari, kwa sababu mchanga wa kwetu unachora rangi. Madereva wakaona tofauti, wakaanza kumwulizia kwa jina. Akimaliza kuosha, anapaka polishi kwa mkono, duara ndogo ndogo, mpaka bega linamkatalia. Jioni nasikia kaka yangu akimkanda kwa mafuta ya nazi huku anamgombeza.

"Hilo bega utalitoa, Mastura."

"Likitoka utalirudishia," anamjibu.

Sasa nije kwenye pikapu. Kijijini Tingi yuko mama yangu mdogo, Bi Zuwena, mjane wa Mzee Shamte. Marehemu alikuwa fundi wa kupiga rangi magari Lindi mjini, kisha uzeeni akarudi Tingi kulima korosho. Alirudi na pikapu yake kuukuu aliyoipiga rangi mwenyewe, rangi ya tende iliyoiva, nyekundu inayoelekea kahawia. Aliichanganya kutoka mabaki ya makopo. Ukimwuliza kachanganya nini na nini, anajigonga kichwani kwa kidole: "Imo humu." Alikufa nayo humo humo, hakumwachia mtu.

Alipofariki, mama mdogo akakaa eda. Mwenye eda hatoki kushughulika na mambo ya nje, na watu wa Tingi wana heshima zao. Pikapu ilikuwa chini ya mkorosho, pale marehemu alipoiegesha. Nani angethubutu kuisogeza? Mjane yumo ndani, wewe uanze kuwasha gari la mumewe, watu watasema umeshaanza kugawa mirathi. Majirani wakaona angalau waifunike. Wakaifunika kwa magunia ya korosho, wakakaza kamba, wakaenda zao mioyo imetulia.

Na ulikuwa msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho! Yakaiva, yakadondoka, yakapasukia juu ya magunia, maji yake yakapenya hadi chini. Maji ya bibo unayajua: yakigusa kanzu nyeupe, kanzu hiyo haiendi tena msikitini. Juu ya hapo, upepo ukawa unayachezesha yale magunia na vumbi lake, yanasugua, yanasugua, msimu mzima.

Eda ilipokwisha, mama mdogo akazifungua kamba mwenyewe. Boneti ilikuwa imefifia, imekwaruzika, ina madoa ya kahawia yaliyotambaa huku na kule. Akasema alhamdulillahi, akafuta vumbi kidogo kwa ncha ya kanga, akaingia ndani akalia. Majirani hakuwaambia kitu, maana walikusudia wema. Mimi ningewaambia, tena kwa sauti.

Mwanawe Abdulrazak akaja kutoka Dar. Si mtoto mbaya, ila ana haraka, na kwa hilo mimi sina haki ya kumsema. Aliizunguka pikapu mara moja tu.

"Mama, hii naipeleka Dar ikakwanguliwe, ipigwe nyeupe. Nyeupe haichoshi."

"Hiyo rangi ni mkono wa baba yako," mama mdogo akamwambia.

"Basi wataipiga rangi hiyo hiyo. Siku hizi kuna mashine inasoma rangi, inakutolea kama ilivyo."

"Itatoa inayofanana. Mkono je?"

Abdulrazak hakulegea. Wakaafikiana hivi: mwezi wa Shaabani ukiandama atarudi. Akiikuta inang'aa, ataiacha. Akiikuta vile vile, anaondoka nayo, na hakuna mjadala tena.

Siku iliyofuata mama mdogo akaja Nangurukuru. Akaketi kwenye benchi langu, akanywa chai, hakuzungumza sana. Kumbe alikuwa anamtazama Mastura akiosha gari la wageni. Alimtazama tangu ndoo ya kwanza mpaka kitambaa cha mwisho. Mastura alipokuja kumsalimu, "Shikamoo, mama," aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akamshika mkono hakumwachia.

"Nataka unirudishie rangi ya Shamte. Usiipake nyingine. Hiyo hiyo, irudi."

Mwenzangu, ningekuwa mimi ningesema ndiyo kabla hajamaliza. Mastura akasema, "Niione kwanza."

Akaenda Tingi akaiona. Akajaribu kwa mkono kwenye kona ya nyuma, chini ya mlango wa bodi, mahali pasipoonekana. Alisugua mpaka jasho likamtiririka na ule ukungu haukutikisika. Ilihitaji mashine. Na hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu mashine ya polishi inaweza kung'arisha na inaweza kuunguza, na rangi ile ikitoka imetoka. Hakuna kopo la kurudia. Usiku hakulala vizuri, Dadi aliniambia.

Jirani yetu Nurdin ni fundi bodi, ananyoosha magari yaliyogongwa. Ana mashine yake kubwa, ile inayozunguka tu kwa kasi. Akajitolea kumwazima. "Shemeji, njoo ujaribu kwenye mlango huu wa chakavu." Mastura akaishika kwa mikono miwili. Ilipowaka ikamvuta upande, akayumba nayo, na ilipogusa ukingo wa mlango, hata neno hatujasema, rangi imekwisha na bati linaonekana.

Nurdin akacheka. "Usijali, shemeji. Kila fundi lazima aunguze gari lake la kwanza."

Mastura hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole pale palipoungua. "La kwanza langu haliruhusiwi kuungua," akasema.

Nurdin akachomoa waya. Kisha, na ninamshukuru kwa hili, akasema ukweli ambao mafundi wengi wangeuficha. Alimwambia hata yeye ile mashine ilimtesa kabla hajaizoea, na kwamba zipo nyingine zinazozunguka huku zikitikisika, wenye haraka wanazidharau, lakini anayeanza ni heri aende nazo. Mastura akaamua tuende dukani Lindi, akachague mwenyewe.

Nilimsindikiza, nikajuta. Mwenye duka, Marietha, mama mchangamfu wa maneno mengi, akatupangia mashine mezani. Akaanza na kubwa, nzito, ya mlio wa kutisha.

"Hii ndiyo ya mafundi wenyewe. Ina nguvu, inafanya kazi upesi."

Mastura akauliza, "Nikikosea, inafanya nini?"

"Ina nguvu sana," Marietha akarudia.

"Nimesikia. Lakini nikikosea?"

Akaliuliza swali hilo kwa kila mashine, na kila mara sauti ile ile ya upole, mpaka wateja wengine wakaanza kutugeukia. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nikamvuta kanga. "Wifi, chagua tuondoke, mwenzio ana biashara." Akaniambia nikakae. Nikakaa, nimenuna.

Nyuma ya duka palikuwa na mlango wa friji bovu uliopakwa rangi. Mastura akaomba mashine zijaribiwe hapo. Marietha akasita, kisha akachomeka waya. Ile kubwa ikafanya kama ya Nurdin. Ya pili ilikuwa ndogo, ya betri, nyepesi kama mwiko, lakini ukiigusisha tu inakata pumzi. Ya kupakia nta labda, si ya kuondolea madoa. Ya tatu ndiyo ile inayozunguka huku ikitikisika. Mastura akainyanyua akanyoosha mkono nayo muda mrefu, akisikiliza bega lake. Akapima urefu wa waya. Akajaribu kitufe cha kasi, kama kweli kinaanza taratibu au kinashtuka. Akazikandakanda zile sponji zake, akachagua laini. Kisha akanigeukia.

"Wifi, nipe wanja."

"Wanja! Unataka kujipamba saa hizi?"

"Nipe."

Nikampa kalamu yangu ya wanja. Akachora mstari mnene pembeni mwa sahani ile inayobeba sponji. Akaiwasha, akaiweka kwenye mlango wa friji kwa mkono mwepesi, na mstari ukapotea kwa kuzunguka. Akakandamiza. Mstari ukatokea, umesimama. Mashine ilikuwa inatikisika tu, haizunguki tena. Akalegeza, ikazunguka. Akaipeleka ukingoni mwa mlango, karibu na pale ile kubwa ilipokula rangi, akaiacha makusudi. Alipoiondoa akapaweka kiganja, akaniita na mimi niweke. Palikuwa na joto kidogo tu na rangi ilikuwapo yote.

"Nikikosea, inasimama," akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Tingi. "Hii itanisubiri nijifunze."

Marietha alikuwa mkweli mwishoni. "Sawa, lakini ujue ni ya polepole. Kazi ya saa moja kwa ile kubwa, kwa hii utashinda kutwa."

Hapo nilishindwa kununa, nikaangua kicheko. "Dada yangu, kwa huyu, kutwa ndiyo saa yake moja!" Tukacheka wote, Mastura akicheka kutuzidi. Tukatoka na mashine, sponji zake na kopo la dawa ya kusugulia.

Nyumbani hakukimbilia pikapu. Alifanya mazoezi kwenye mlango wa chakavu wa Nurdin siku nyingi, mpaka nikaanza kutazama juu kila magharibi, nikihofia mwezi utaandama bado anasugua mlango wa watu. Nilimpigia kelele. Alinijibu tangulia, atanikuta.

Tulipokwenda Tingi hatimaye, pikapu ilisukumwa kivulini, pembeni mwa nyumba. Mastura akaiosha, akaiosha tena, akakausha. Kwenye kingo zote na kwenye mikunjo ya bati, ambako rangi huwa nyembamba, akabandika utepe wa karatasi wenye gundi. Waya mrefu tukauvuta kutoka sebuleni. Mama mdogo alikaa kibarazani na tasbihi yake, hakusogea karibu. Mastura akasema bismillahi, akaanza kona ile ile ya nyuma, sehemu ya ukubwa wa ungo.

Akaizima mashine ghafla. Akaigeuza, na mimi nikaona. Sponji ilikuwa nyekundu ya tende. Rangi ya Mzee Shamte ilikuwa imehamia kwenye sponji!

"Yarabi, tumeangamia," nikasema, tena si kwa kunong'ona. Kule kibarazani tasbihi ilisimama.

Mastura akaiweka mashine chini. Akampigia Nurdin simu, akaweka sauti ya nje. Nurdin akamwuliza, "Rangi yenyewe ina vanishi juu yake?" Mastura akasema haina. "Basi tulia, shemeji. Rangi za zamani zisizo na vanishi lazima zitoke kidogo, hiyo inayotoka ni ile iliyochoka. Ila nisikilize: usifukuze kila doa. Lipo litakalokuwa limezama, ukilifuata utafika kwenye bati."

Mastura akapafuta kwa kitambaa safi. Loo! Pale kwenye ukubwa wa ungo palikuwa pamewaka, tende tupu, unaona hadi kivuli cha majani ya mkorosho ndani yake. Mama mdogo alikuwa ameshasimama nyuma yetu, sijui saa ngapi. Aliweka mkono mdomoni, akarudi kibarazani, lakini safari hii alikaa ametugeukia.

Tukaendelea, ungo kwa ungo. Anapaka dawa, anapitisha mashine kwa mkono mwepesi, macho yake kwenye mstari wa wanja, anafuta, anasafisha sponji, anahamia pengine. Mimi kazi yangu ilikuwa kuubeba waya usiguse rangi na kulalamika kiuno. Milango ikarudi. Bodi ikarudi. Ikabaki boneti, na boneti ndiyo iliyoumia kuliko kote.

Tulikuwa katikati ya boneti Abdulrazak alipofika. Mwezi umeandama jana yake. Akasalimia, akazunguka, na nikamwona anameza mate alipofika mlangoni. Lakini akafika mbele. Pale karibu na kioo palikuwa na doa moja la bibo lililozama. Mastura alikuwa amelipitia, likafifia, halikuondoka, akaliacha.

"Hapa bado," Abdulrazak akasema.

"Hapo ndipo mwisho wake, kaka. Nikizidisha itatoboka."

"Hujakandamiza. Hebu lete."

Mastura alikuwa ameiweka mashine chini anasafisha sponji nyingine. Abdulrazak akainyakua, akaiwasha, akailalia pale kwenye doa kwa uzito wake wote, mwanaume mzima.

"Abdulrazak, utaiunguza!" Nilipiga kelele nadhani Somanga walinisikia. Mama mdogo akaja mbio, kanga imemwanguka begani. Mwana huyo huyo wa Shamte, kwa mikono yake, anakwenda kuifuta kazi ya baba yake mbele ya mama yake!

Mstari wa wanja ukatokea, umesimama kimya.

Abdulrazak akakandamiza zaidi. Mashine ikatikisika tu. "Mbona imekufa hii?"

"Haijafa," Mastura akasema. Sauti yake ilikuwa imejaa hasira, na sijawahi kumsikia hivyo kabla wala baada. "Imekukatalia. Izime."

Akaizima. Mastura akapafuta, akainama mpaka pua inakaribia bati. Rangi ilikuwapo. Doa lilikuwapo na rangi ilikuwapo, vyote vizima. Mimi nikakaa chini mchangani bila kupanga kukaa. Abdulrazak alikuwa ameduwaa, anatazama mikono yake mwenyewe. "Ningekuwa na ile ya kawaida..." alianza, hakumaliza.

"Ungefika kwenye bati," Mastura akamwambia.

Mama mdogo akapitisha kiganja juu ya lile doa, polepole, kisha akaitazama mashine.

"Hiyo ndiyo inayosimama mtu akikosea?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi nikikosea?"

"Hata wewe, mama."

"Basi nipe."

Mastura hakumuuliza mara mbili. Akamfunga kanga kiunoni, akabandika sponji safi, akatia matone ya dawa. Akamwekea mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine juu, akasimama nyuma yake. "Usiisukume, mama. Iache itembee, wewe iongoze tu. Ukiuona mstari, legeza." Mashine ikawaka. Mama mdogo akashtuka, akacheka, akaikaza. Mstari ukatokea, akalegeza, ukapotea. Akaenda nayo kwa mistari ya kupindapinda, midomo ikitembea. Nilidhani anasoma dua. Nilipotega sikio nikasikia anaongea na mumewe, anamwambia habari za magunia. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Waya ulikuwa unataka kuangukia kwenye boneti, na mimi nilikuwa bado mchangani siwezi kuinuka. Abdulrazak akauwahi. Akautundika begani mwake, akawa anamfuata mama yake hatua kwa hatua, akiinua mkono kila anapogeuka, ameinama kama mwali. Habari ya nyeupe sikuisikia tena kinywani mwake. Mastura akafuta sehemu ile, na tende ikawaka chini ya mikono ya mama mdogo.

Abdulrazak akakohoa kidogo. "Mama," akasema, "nipe na mimi nijaribu tena. Taratibu."

Mama mdogo hakuinua hata macho.

"Ngoja," akamwambia. "Mimi na baba yako bado hatujamaliza."